Jibu: Spruance alivyopewa kikosi Midway
Mkuu, umeuliza admeli Spruance wa Marekani alipewaje manowari za kubeba ndege pale Midway, kisiwa cha Pasifiki walipopigana na Wajapani, ilhali hakuwa rubani. Ugonjwa tu! Halsey, admeli aliyekuwa mkuu wa kikosi, alilazwa kwa maradhi ya ngozi, akampendekeza Spruance, aliyekuwa akiongoza kruza (manowari za ukubwa wa kati) za kikosi hichohicho. Juni 4, 1942 ndege za Marekani zikazichoma manowari za Kijapani za kubeba ndege: Akagi, Kaga na Soryu asubuhi, Hiryu jioni. Usiku ule Spruance akageuza meli kuelekea mashariki badala ya kumfukuza adui, na wapo wanaomlaumu mpaka leo. Mimi namtetea: Yamamoto, mkuu wa manowari za Japani, alikuwa anakuja na manowari za mizinga mikubwa, akitaka pigano la usiku. Juni 1944, karibu na kisiwa cha Saipan, lawama zilezile zikarudi, ingawa Wajapani walipoteza ndege zaidi ya 300. Nyota ya tano, cheo cha juu kabisa cha admeli, akaja kupewa Halsey, si Spruance. Hapo ndipo huwa nakasirika.