Maswali yenu: mabinti wa kalingi na ile Liverpool nyingine

Tangu niguse habari za kalingi ya mabinti wa Kanada, ule mchezo wa kusukuma mawe juu ya barafu, maswali ni mengi, leo najibu manne.

Dada wa Tanga: Hayo mawe ni mawe kweli au plastiki?

Mawe kweli dada, ya graniti, moja lina kilo 17 mpaka karibu 20, juu lina mpini. Timu ni watu wanne, kila mmoja anasukuma mawili kwa raundi, lengo ni duara mwisho wa kiwanja. Na ile mifagio sio mapambo, ukifagia mbele ya jiwe barafu inapata joto kidogo, jiwe linafika mbali zaidi na halipindi sana. Mi nachopenda ni maandalizi, kabla ya mechi kuna mtu anatembea taratibu akirudi nyuma nyuma huku ananyunyiza matone ya maji, yakiganda yanakuwa vipele, na jiwe linateleza juu ya hivyo vipele likinguruma, wanaoujua mchezo hiyo sauti wanaipenda sana.

Kaka wa Mwanza: Umesema ubingwa wa vijana wa Kanada 2014 ulifanyika Liverpool. Liverpool si Uingereza?

Hii ni ya Nova Scotia kaka, jimbo la Kanada, mji mdogo pwani ya Atlantiki, na mto wake nao unaitwa Mersey kama ule wa Liverpool ya Uingereza. Walowezi waliuanzisha 1759, ila Wamikmaki, wenyeji wa asili wa eneo hilo, walikuwepo pale zamani sana. Kwenye Vita vya 1812, kati ya Uingereza na Marekani, mji huu ulitoa manahodha wa kuteka meli za Wamarekani kwa kibali cha serikali, chombo chao maarufu Liverpool Packet, ambacho kabla ya hapo kilikuwa kwenye biashara ya watumwa, na hilo sisi watu wa pwani hatuwezi kulipita kimya. Halafu 2012 kiwanda cha karatasi kilichobeba ajira za eneo zima kikafungwa. Sasa fikiria mji umetoka kuumia hivyo, haujamaliza hata miaka miwili, Januari 2014 unapokea mabinti na vijana wa taifa zima, baridi ile, ndo maana huu mji una nafasi moyoni mwangu.

Mwanafunzi wa Dodoma: Kwa wasichana nani alichukua?

Timu ya jimbo la Alberta, nahodha Kelsey Rocque. Mwaka huohuo akaenda Flims, Uswisi, akabeba ubingwa wa dunia wa vijana, 2015 akarudia vyote viwili. Umri ulikuwa chini ya miaka 21. Na wenyeji hawakukaa mikono mitupu, 2016 timu ya Mary Fay kutoka Chester, pwani hiyohiyo ya Nova Scotia, ilichukua taifa na dunia pia.

Baba wa Mombasa: Binti yangu ana miaka 12 kaupenda huu mchezo, huku kwetu joto tupu, nimkatishe tamaa?

Usimkatishe baba yangu! Barafu yao wenyewe inagandishwa kwa mitambo ndani ya ukumbi, na Nigeria ilishaingia shirikisho la kalingi la dunia 2018. Tena kuna mawe mepesi ya magurudumu ya kuchezea sakafuni, shule za Kanada watoto wengi wanaanzia hapo. Halafu mfundishe jambo moja, kwenye kalingi ufagio wako ukigusa jiwe linalotembea unasema mwenyewe, hungoji refa. Hilo halihitaji barafu, anaweza kuanza nalo leo akicheza mchezo wowote barazani.