Mtoto anayeonewa shuleni mpe sentensi ya kusema

Mama mmoja ameniandikia wiki hii. Mwanawe wa darasa la tatu anarudi na njaa kila siku kwa sababu wakubwa wa darasa la sita wanamnyang'anya mia tano yake ya maandazi. "Kila asubuhi namwambia akaseme kwa mwalimu, hasemi." Atasemaje, mama? Umempa amri, maneno hujampa. Mtoto wa miaka tisa akisimama mbele ya mwalimu mwenye rundo la madaftari ya kusahihisha, kinachomtoka ni "Mwalimu, wananionea," na jibu tunalijua: "Nendeni mkacheze vizuri."

Sentensi inayofanya kazi inataja nani, kafanya nini, wapi na lini, kisha mtoto anaomba nini. "Mwalimu, Juma wa darasa la sita amechukua mia tano yangu leo mapumziko, kwenye foleni ya maandazi. Jana pia alichukua. Naomba uongee naye." Basi. Asimtukane Juma, wala asirudi kwenye ugomvi wa mwezi jana. Mwalimu akishapata jina, mahali na saa, ana pa kuanzia.

Mazoezi yafanyike jioni, mmesimama, dakika tano tu, siku tatu au nne mfululizo. Wewe uwe mwalimu, tena usiwe mwalimu mpole. Inamia kazi yako, usimtazame, mwambie "Nenda kakae." Hapo ndipo wengi hukwama na hawarudi tena. Mfundishe kuuliza kwa adabu: "Sawa mwalimu, nirudi saa ngapi?" Swali hilo linamlazimu mwalimu kutaja muda, na mtoto anapata ruhusa ya kurudi bila kuonekana msumbufu. Rudieni mpaka aliseme bila kukutazama usoni kutafuta msaada.

Amwambie mwalimu wa darasa, si wa zamu. Zamu hubadilika kila wiki; lalamiko la Alhamisi, ikifika Jumatatu halina mwenyewe. Kiranja naye asiwe wa kwanza kuambiwa, maana mara nyingi ni rika la mwonevu, na wakati mwingine ndiye mwonevu mwenyewe. Wakati mzuri ni kabla ya kengele ya asubuhi, si mbele ya darasa zima, ambako ataitwa mnoko kabla hajafika kwenye dawati lake. Wa bweni awe na watu wazima wawili, matroni au patroni pamoja na mwalimu mmoja, kwa kuwa yanayotokea usiku mwalimu wa darasa hayaoni.

Mbele ya mwonevu maneno yawe machache: "Acha. Sitaki." Mara moja, kwa sauti inayosikika, kisha aondoke kuelekea penye watu. Akina baba wanapenda kusema "na wewe mpige." Mwalimu akifika atawakuta wawili wanapigana, na kwa kuwa fimbo bado ipo katika shule zetu, watachapwa wote. Baada ya hapo mtoto hasemi tena, na mwonevu anajua hilo.

Kama mwanao haonewi, bado una kazi. Mfundishe kumtoa mwenzake: amwendee yule anayesumbuliwa, amwambie "Twende, tunakusubiri mpirani," waondoke pamoja. Hahitaji kumkabili mtu.

Nyumbani, "shuleni vipi?" huzaa "nzuri" na mazungumzo yameisha. Uliza "leo mapumziko ulikaa na nani?" Akikuambia jambo zito, usipige kelele wala usiahidi kwamba hutamwambia mtu. Na tafadhali, usivamie shule kwenda kumkaripia mtoto wa mwenzio mbele ya wanafunzi! Wewe utaondoka saa nne. Wako atabaki naye mpaka saa tisa. Andika kwenye daftari tarehe, mahali, kilichotokea na walioona, kisha omba kuonana na mwalimu wa darasa faraghani. Kubalianeni siku ya kurudi kusikia alichofanya. Wiki mbili zikipita kimya, nenda kwa mwalimu mkuu na daftari lako, halafu kamati ya shule, halafu afisa elimu kata.

Ngazi hizo ni za kunyang'anywa hela, matusi na kusukumwa. Mtoto akijeruhiwa, au akiguswa sehemu za siri, usingoje kikao cha mtu yeyote. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, uchukue PF3, yaani fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, mfike hospitali siku hiyo hiyo, bila kumwogesha wala kufua nguo alizovaa. Dawa za kukinga maambukizi ya VVU zinapaswa kuanza ndani ya saa 72. Huduma ya simu kwa mtoto ni 116, haina malipo, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga, kwa hiyo aikariri kama anavyokariri namba yako.