Kueleza kanga kwenye tangazo la mauzo

Dada, umeuliza kwa nini wateja wanarudisha kanga ilhali tangazo lako lilisema "nzuri, rangi za kuvutia". Maneno hayo hayamwonyeshi mteja chochote. Hata kitenge kingeelezwa hivyo.

Anza na pindo, ule ukingo wa pande zote nne: taja rangi na michoro yake. Halafu mji, yaani katikati. Una ua moja kubwa, madoadoa, au korosho, ile michoro yenye umbo la korosho? Korosho nne kubwa za pembeni si sawa na korosho ndogo zilizotapakaa, kwa hiyo sema ukubwa na mahali zilipo. Kisha nakili jina lote, yaani maneno yaliyoandikwa kwenye kanga, herufi kwa herufi. Wengi huchagua jina kabla ya rangi, na anayemnunulia mkwewe hataki kijembe.

Kwenye rangi ndipo wauzaji wanapoharibu. Ukiandika "nyekundu" tu, mmoja atategemea nyekundu ya kuwaka na kanga yenyewe ni damu ya mzee. Samawati usiiite bluu. Piga picha mchana karibu na dirisha, maana taa ya manjano hugeuza nyeupe kuwa maziwa.

Sema pia kama ni pamba tupu au imechanganywa na poliesta, nzito au nyepesi ya kuonyesha mwili. Kujua kama inachuja rangi, lowesha pembe moja na uibane kwa kitambaa cheupe. Mwisho, vipimo vya kila kipande, na kama doti, yaani vile vipande viwili, imeshakatwa na kukungwa au bado.