Muulize Sonara: "Hereni zangu zinaachia, waya zinanikatikia"

Shikamoo fundi. Nimejifunza kutengeneza hereni kwa kuangalia video, sasa hivi mwezi wa nne. Vitanzi vyangu vinatoka vibaya, kimoja kikubwa kingine kidogo, vingine vimekaa kama herufi P, na mtu akivaa siku mbili tatu ushanga unachomoka unapotea. Halafu waya inanikatikia mkononi nikiwa narekebisha. Ninunue plaizi za bei mbaya au mimi tu ndo sina mkono? – Vidole Vizito

Marahaba mwanangu. Mkono unao, na hizo plaizi za bei mbaya ziache kwanza huko dukani. Umesema waya inakatika "nikiwa narekebisha", hapo ndo umejitaja mwenyewe. Shaba ukiikunja inakuwa ngumu pale pale ulipokunja, ukiikunjua ukakunja tena inazidi kuwa ngumu, ya tatu ya nne inakatika tik kama kijiti kikavu. Mi mwenyewe niliwahi kutengeneza bangili ya bibi harusi, nikaikunja na kuikunjua kona moja mpaka ikanipendeza macho, ikaja kuachia siku ya shughuli yenyewe, aibu yake naisikia mpaka leo. Kwa hiyo kitanzi kikienda kombo usikibembeleze, kata, anza kingine. Mabaki tia koponi.

Tumia waya ya shaba ya milimita 0.8, madukani wanaiita geji 20. Na hapo kwenye geji wengi wanapigwa chenga maana namba zinaenda kinyume, namba ikipanda waya inakonda, geji 26 ni kama milimita 0.4 tu, hiyo ni ya kuzungushia mapambo sio ya kubeba uzito. Sasa pitisha ushanga, kisha ikunje waya kona ya digrii 90 hapo hapo juu ya tundu la ushanga, acha mkia kama sentimita moja, kata uliobaki. Wewe hiyo kona unairuka, unaanza kuzungusha moja kwa moja, ndo maana unapata P. Kona ikikaa sawa kitanzi kinatua katikati ya ushanga kama kichwa juu ya shingo.

Halafu shika ncha ya mkia na plaizi ya mdomo wa mviringo. Pitisha kidole juu ya plaizi, ukihisi ncha inakukwaruza ujue imechomoza, irudishe ndani. Zungusha kiganja kuelekea kwenye ushanga mpaka kigome, achia kidogo, shika tena, malizia. Na vitanzi kutolingana ni hivi, ule mdomo wa plaizi ni mwembamba mbele mnene nyuma, leo umeshika huku kesho kule, vitalingana vipi? Chukua maka peni chora mstari kwenye mdomo wa plaizi, kila kitanzi kifanyie hapo hapo kwenye mstari. Nimeshaona watu wanabadilisha plaizi tatu kwa kukosa huo mstari.

Kuhusu kuachia: ukitaka kufungua kitanzi au zile pete ndogo za kuungia usizivute kwa nje kama unapanua mdomo, sukuma ncha moja mbele nyingine nyuma, kama mlango. Ukifunga, rudisha njia ile ile, pitisha kidogo halafu rudi, mpaka usikie ncha zinagusana. Kama ushanga ni mzito acha mkia mrefu zaidi, ukishapata kitanzi zungushia huo mkia shingoni mara mbili au tatu, hicho hakifunguki tena. Wiki hii usitengeneze hereni hata moja, tengeneza vitanzi vitupu 50 uvipange kwenye meza, utaona mwenyewe cha 40 hakifanani na cha 3. Na ukikata waya funika kale kakipande kwa kidole, kanaruka kama risasi na kanapenda macho.

Fundi mambo, bangili zangu za shanga na lastiki zinakatika baada ya wiki moja na natumia lastiki nzuri tu. – J.

Poa. Lastiki uliivuta kabla ya kutunga? Inabidi uivute vute kwanza, la sivyo inalegea mkononi mwa mteja, kamba inaonekana katikati ya shanga. Pia kagua matundu, shanga za chuma na za mawe nyingi zina kingo kali zinaikata taratibu kama msumeno, wewe unalaumu lastiki. Ukiwa na shanga za hivyo achana kabisa na lastiki, tumia ile kamba ya nyuzi za chuma zilizovikwa nailoni, mwisho unabinya na vishanga vya chuma laini. Na wale wa mshipi wa samaki, sawa unatungika vizuri, ila jua likiupiga sana unakauka unakuwa mwepesi kukatika.

Mteja karudisha pete anasema kidole kimekuwa kijani, mwingine hereni zimemwasha masikio mpaka yakatoa maji. Ni shaba feki? – Mama Wawili

Dada hizo ni kesi mbili, usizichanganye. Kijani ni shaba halisi kabisa, imekutana na jasho au losheni, inatoka kwa sabuni na haina madhara. Mwambie mteja aivue akioga na akipaka mafuta, na wewe ukiona imefifia isugue na limao na chumvi, suuza, kausha vizuri.

Ya masikio ndo ya kuogopa. Mara nyingi huyo mtu ana aleji ya nikeli, inachanganywa sana kwenye vito vya bei rahisi, na Umoja wa Ulaya walipitisha sheria ya kuibana tangu 1994. Usimdanganye kwa kupaka rangi ya kucha juu ya ndoano, inabanduka baada ya siku chache kuwasha kunarudi. Mwambie asivae chochote mpaka masikio yapone, yasipopona amwone daktari. Kisha mbadilishie ndoano tu, weka za titani au za fedha yenye muhuri wa 925, shanga zake zibaki zile zile. Na hizo ndoano za zamani, hata kama zinang'aa vipi, usimuuzie mtu mwingine.