Jirani amefiwa, yeye Mwislamu mimi Mkristo: niende?

Dada, nenda, tena nenda leo. Umesema jirani yako hapo Temeke amefiwa na mama yake usiku. Basi huenda adhuhuri au alasiri ya leo wakazika. Ukingoja Jumamosi utakuta turubai limeshakunjwa.

Vaa gauni refu, jifunge khanga, na nyingine jitande kichwani. Dini yako hakuna atakayeiuliza. Vua viatu mlangoni, ingia kwa kina mama, kaa mkekani, mshike mfiwa mkono, sema "pole kwa msiba", inatosha. Usimuulize marehemu aliumwa nini, maana hiyo habari ameshaisimulia tangu alfajiri. Na picha usipige, tafadhali (siku hizi watu hawaoni aibu kabisa).

Jeneza likitoka, wanaume ndio wanaokwenda makaburini, kina mama kwa kawaida hubaki nyumbani, kwa hiyo usianze kutafuta usafiri. Rambirambi mpe mwenye daftari, aandike jina lako; kiwango hakuna. Kama mfuko umekauka, zunguka uani ushike kisu umenye vitunguu. Kwa maoni yangu hilo linazidi bahasha.

Kitu kingine: ukimwona mtu anawatania wafiwa na kuwachekesha, au amejilaza mlangoni anadai hela ndipo apishe, usimkasirikie. Huyo ni mtani wao, ana ruhusa yake. Wewe usimuige.