Penseli anaishika kama mwiko
SWALI: Shikamoo anti, niko Majengo hapa Moshi, kijana wangu ana miaka 4 na nusu, mwalimu wa chekechea analalamika penseli anaishika kama mwiko wa ugali, na vifungo vya shati mpaka nimfunge mimi. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mama. Penseli usimkazanie, vidole havijapata nguvu na wa umri huo wapo wengine walio hivyohivyo. Mpe karatasi akunje. Chukua gazeti la zamani, akunje katikati, ncha ikutane na ncha, alafu apitishe kidole gumba kwenye mkunjo mpaka ulale kabisa, hapo ndo kazi yenyewe ilipo maana mkono mmoja unashikilia isiteleze na mwingine unabana. Akizoea mfundishe kofia, baadae boti, masika ikija aiweke ielee kwenye beseni (sio mtaroni jamani, maji ya mitaro yetu yana kasi). Karatasi ngumu ya boksi bado, itamkatisha tamaa. Mkunjo ukienda upande usimrekebishie, najua mikono itakuwasha! Dakika 10 kwa siku zinatosha. Vifungo aanze kwa kufungua, ni rahisi kuliko kufunga.