Sungura Mzee Mwenye Baridi Yabisi: Anza Kumkagua Nyuma

Sungura wengi wa nchi hii hawapati nafasi ya kuzeeka. Sungura wa aina ya New Zealand mweupe, ambaye ndiye amejaa mabandani huku kwetu Arusha, hufugwa ili akue upesi, na akitimiza miezi 3 au 4 anakuwa kitoweo. Ndiyo maana karibu kila unachosikia kuhusu sungura, kuanzia ushauri wa wafugaji hadi maelezo ya kwenye mfuko wa chakula, kinamhusu sungura kijana. Wewe uliyemweka wako ndani kama mtoto wa nyumbani, akavuka miaka 6, akavuka 7, unajikuta huna wa kumuuliza. Sungura anayetunzwa vizuri hufika miaka 8 hadi 12. Wangu anaitwa Pamba, ana miaka 9, na viungo vimemkaza.

Kinachowapata ni kilekile kinachowapata bibi zetu. Gegedu linalotenganisha mifupa kwenye maungio huliwa kidogokidogo, mifupa inasuguana, mwili unajaribu kuziba kwa kuota vinundu vya mfupa, na kila hatua inauma. Kwa sungura huanzia zaidi kwenye nyonga, magoti na mgongo wa chini. Wakubwa kama New Zealand, wenye kilo 4 na kuendelea, huumia zaidi, na walionenepa huumia kuliko wote.

Usisubiri achechemee. Sungura ni mnyama wa kuwindwa, na huko porini anayeonyesha udhaifu ndiye anayekamatwa, kwa hiyo hata wa sebuleni anaficha maumivu mpaka yamzidi. Mwaka 2012 watafiti walichapisha kipimo cha kusoma maumivu usoni mwa sungura: macho yanayofumba nusu, mashavu yaliyobonyea, pua, masharubu, masikio. Kijue, lakini kilitengenezwa kwa maumivu ya ghafla. Maumivu ya kila siku hayakai usoni namna hiyo. Mimi naona ni bora kuangalia mambo aliyoacha kufanya. Pamba aliacha kupanda kochi. Akaacha kusimama kwa miguu ya nyuma ukimwonyesha kotimiri. Kisha akaacha kujilamba mgongoni, na manyoya yakaanza kuwa na mba kama za mtu aliyekosa mafuta kichwani.

Hapo kwenye kujilamba ndipo penye mzigo wote. Watu wakisikia baridi yabisi wanafikiria miguu, wanafikiria dawa ya maumivu. Ukweli ni kwamba kumlea sungura mwenye ugonjwa huu, kwa sehemu kubwa, ni kulea makalio yake.

Sungura ana aina mbili za kinyesi. Kuna zile golori kavu unazozijua. Kuna kingine, laini, cheusi, kinachong'aa, kimeshikana kama kishada kidogo cha zabibu, ambacho hukila moja kwa moja kutoka nyuma kabla hakijagusa chini. Si uchafu. Kina protini na vitamini za kundi B zilizotengenezwa na bakteria wa tumboni, na bila hicho lishe yake ina pengo. Ili akifikie lazima ajikunje mgongo. Mgongo ukigoma, kinabaki, kinaganda kwenye manyoya, siku ya pili kimekuwa plasta. Mkojo nao vilevile: sungura mzima huinua makalio akikojoa, mgonjwa anashindwa, mkojo unamwagikia mapaja na ngozi inaungua.

Halafu wanakuja nzi. Huku kwetu, hasa masika, nzi akinusa hayo manyoya anataga, mayai yanaanguliwa ndani ya saa 24, na funza wanaanza kula nyama iliyo hai. Sungura anaweza kufa kwa siku moja au mbili. Kwa hiyo ukaguzi wa nyuma ni asubuhi na jioni, bila kukosa, hata kama kuna wageni. Mchana banda la Pamba linafunikwa chandarua cha kitandani kilichochakaa. Ukikuta funza hata mmoja, hilo si jambo la kusubiri kesho. Unambeba kwa daktari saa hiyohiyo.

Kumsafisha kuna namna yake. Usimwogeshe mwili mzima. Manyoya ya sungura hayakauki haraka, anapata baridi, na akipata hofu akarusha mateke anaweza kujivunja uti wa mgongo mwenyewe. Ninakaa chini sakafuni, taulo mapajani, karai lenye maji ya uvuguvugu yenye kina cha vidole viwili. Mkono mmoja chini ya kifua, mwingine umebeba makalio yote, namshusha mpaka sehemu chafu tu ndiyo inayogusa maji. Kilichoganda nakiacha kilowane, nakimega kwa ncha za vidole taratibu, sikivuti. Ngozi ya pale ni nyembamba sana, na mkasi usikaribie. Manyoya yakihitaji kupunguzwa, afanye daktari kwa mashine. Baadaye namkausha kwa taulo, nabadilisha taulo, namkausha tena, mpaka nikipitisha mgongo wa kiganja sisikii unyevu. Pamba huwa ananuna baada ya hapo, ananigeuzia mgongo na kutandika mguu chini. Anasamehe kwa jani la kotimiri.

Sasa sakafu. Marumaru ni adui. Nyayo za sungura hazina vile vinyama vya mbwa na paka, ni manyoya tu, na kwenye marumaru miguu inaachana kama ya ndama mchanga. Kila anapoteleza, nyonga inavutika. Weka kapeti yenye mpira chini, au vipande vya zulia vinavyopishana, kutoka anapolala hadi anapokula hadi anapojisaidia. Ukiwa bado na banda la sakafu ya waya, lile la kibiashara, mtoe leo. Mzee anakaa sana mahali pamoja, na waya unamtoboa visigino. Chini pawe pakavu na laini: nyasi kavu za kutosha, juu ya kipande cha blanketi unachoweza kufua.

Choo chake kiwe na mlango wa chini. Nilichukua beseni la plastiki, nikamwomba fundi akate upande mmoja ubaki kimo cha vidole viwili na aukwangue usiwe na makali. Maji yawe kwenye bakuli zito, si kwenye chupa ya kunyonya. Shingo yenye maumivu haipendi kuinama na kunyanyuka kwa ajili ya tone moja. Kama alikuwa na ngazi ya kupandia mahali, iwe mteremko mrefu uliovikwa gunia, au uondoe kabisa.

Kwenye chakula nitakuwa mkali kidogo. Chakula cha punje cha dukani kimetengenezwa kumnenepesha sungura wa miezi miwili. Kwa bibi kizee anayekaa kutwa, kijiko kinatosha, na wengine hawahitaji hata hicho. Sehemu kubwa ya mlo, kama nane ya kumi, iwe nyasi kavu. Hei ya nyasi za Rhodes inapatikana kwenye maduka ya vyakula vya mifugo, maana wafugaji wa ng'ombe wanainunua. Lusani, ambayo kila mtu atakushauri, ina kalsiamu nyingi. Sungura hufyonza kalsiamu nyingi kutoka kwenye chakula na kutoa ziada kwa mkojo, na mzee asiyesogea anaishia kuwa na tope kwenye kibofu. Basi lusani iwe kidogo sana. Majani mabichi ni mazuri: kotimiri, kishona nguo kutoka shambani kusikopigwa dawa, majani ya viazi vitamu. Mchicha mara mojamoja. Karoti ni peremende.

Mpime kila wiki kwa mizani ya jikoni, uandike. Uzito ukipanda, magoti yatalipa. Lakini ukishuka usifurahi haraka: misuli ya mapaja huyeyuka asipotembea, na sungura anayekwepa nyasi kavu huku akila vitu laini huenda ana tatizo la meno, ambayo kwake hukua maisha yote. Sungura mzee aliyekonda haya maelekezo ya kubana hayamhusu tena. Huyo mpe anachokula.

Daktari. Madaktari wetu wa mifugo wamezoea ng'ombe, kuku na mbwa, na si kosa lao. Kabla hujaenda piga simu uulize kama wanatibu sungura. Ukiwa karibu na Morogoro una bahati, SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, ndiko wanakosomea madaktari wengi wa mifugo wa nchi hii. Omba picha ya eksirei ikiwezekana, kwa sababu si kila mguu wa nyuma uliolegea ni baridi yabisi. Kuna kimelea kinachoshambulia ubongo na figo za sungura na kuleta udhaifu unaofanana sana na huo, na tiba yake ni nyingine.

Dawa inayotumika zaidi kwa maumivu haya ni meloksikamu ya maji, inayopimwa kwa bomba la sindano na kupewa mdomoni, pembeni nyuma ya meno ya mbele. Mwili wa sungura huiondoa haraka, kwa hiyo kipimo chake kwa kila kilo huwa kikubwa kuliko cha mbwa. Kama daktari amempa kipimo cha mbwa na huoni nafuu, mwulize kwa heshima: "Daktari, hiki ni kipimo cha sungura?" Wa kwangu alifungua kitabu mbele yangu, akapiga hesabu upya, nikamheshimu zaidi. Akitumia kwa muda mrefu, figo zikaguliwe kwa damu kila inapowezekana.

Kuna vitu usimpe hata ukishauriwa na nani. Usimpe diklo ya bibi, wala ibuprofeni ya kwenye mkoba wako. Usikubali amoksilini ya kumeza. Antibayotiki za jamii ya penisilini zikipita mdomoni huua bakteria wema wa tumbo la sungura, na yeye hufuata. Matone ya viroboto ya mbwa yenye fipronili ni sumu kwake. Zile poda za kulainisha viungo zinazouzwa kwa wanyama, sizipingi, ila ushahidi wake kwa sungura ni mwembamba, na hela hiyo mimi ningenunua hei.

Dawa ikimfaa utajua. Baada ya siku chache Pamba alianza tena kujikuna sikio kwa mguu wa nyuma, kitu ambacho nilikuwa sijatambua kwamba amekiacha.

Kipupwe, Juni hadi Agosti, Arusha inakuwa na baridi ya kuuma na yeye anakakamaa zaidi asubuhi. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kanga mbili, kando yake na si chini yake, ili akichoka na joto ajisogeze. Wa Dar wana shida tofauti: sungura hatoki jasho, joto likipita nyuzi 28 au 30 anaelemewa, na mzee asiyeweza kujivuta kivulini anaathirika kwanza. Kucha nazo zikague kila mwezi, maana asiyetembea hazisagiki, na kucha ndefu inapindisha kidole na kuongeza maumivu juu.

Usimtenge na mwenzake kwa kumwonea huruma. Karanga, sungura mwenzake ambaye ni mdogo kwake, humlamba macho na masikio, sehemu ambazo Pamba hazifikii tena. Hilo ni bure na hakuna dawa inayolifanya.

Watu watasema. Jirani yangu aliniuliza, "Dada, huyo si ungemla kabla hajawa mgumu?" Nikacheka tu, sina ugomvi na anayekula sungura. Swali la kweli ni lingine: lini inatosha. Zungumza na daktari mapema, kabla ya dharura, mkubaliane dalili. Sisi tumekubaliana hivi: akiacha kula akiwa kwenye dawa, akishindwa kujinyanyua kutoka kwenye mkojo wake, asipomjali tena Karanga, atachomwa sindano ya usingizi wa mwisho na hatuongezi wiki ya kumsikitikia.

Na kama unatoka kwenda kazini, mfundishe anayebaki nyumbani jambo moja kabla ya yote. Tumbo la sungura likisimama, saa zinahesabika, na maumivu ya viungo ni miongoni mwa vitu vinavyolisimamisha. Dada wa nyumbani kwangu anajua: golori zikipungua au zikiwa ndogo kuliko kawaida, ananiambia jioni. Akikataa kotimiri asubuhi na hadi mchana hakuna golori mpya, ananipigia simu. Nikiwa kikaoni apige tena. Nisipopokea ampigie daktari moja kwa moja, namba imebandikwa kwenye friji, na hela ya bodaboda iko kwenye kopo la majani ya chai.